Gemu mpya ya kandanda ipimwe kwenye benchi la kibanda

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kila mwaka, msimu wa ligi za Ulaya unapoanza kushika kasi, msemo huu hutimia katika vibanda vya PlayStation vilivyotapakaa Kibera na Kawangware, hapa jijini Nairobi. Ndio wakati ambapo kampuni kubwa za ng'ambo huleta sokoni matoleo mapya ya michezo ya video ya kandanda. Vijana huanza kuulizia, wenye vibanda huanza kukuna vichwa, na mjadala ule ule wa mwaka uliopita huzuka upya: je, toleo hili jipya limefikia kiwango cha lile la awali, au limerithi jina tu?

Yamkini baadhi ya wasomaji watashangaa kwamba ukurasa uliozoea kuzungumzia siasa, bei ya unga na karo za shule leo umegeukia mambo ya gemu. Ningewaomba wasubiri kidogo. Kibanda cha gemu ni riziki ya mwenye kibanda na familia yake. Ni baraza la vijana ambao hawana uwanja, hawana ukumbi, na aghalabu hawana kazi. Aidha, ni mlango ambao kupitia kwake sarafu za mtaa wa mabanda husafiri hadi Japani na Marekani. Kwa hiyo swali la iwapo mwana amefikia baba lina uzito wake, na jibu lake lina gharama.

Tuchukue kibanda cha kawaida, kama kile nilichosimama mbele yake juzi mtaani Gatina, Kawangware. Kuta ni za mabati na mlango ni pazia lililochakaa. Ndani mna televisheni moja, mtambo mmoja, padi mbili ambazo vitufe vyake vimelika hadi alama zikafutika, na benchi la mbao linalowabana vijana sita au saba. Wawili wanacheza, waliosalia wanangoja zamu. Sheria inajulikana na wote: aliyefungwa huinuka na kumpisha mwenziwe. Mchezo mmoja ni shilingi kumi, au ishirini pale penye mtambo wa kisasa zaidi. Mwenye kibanda hukaa karibu na mlango, jicho moja kwenye saa na jingine kwenye mita ya umeme wa tokeni.

Nilipouliza ni gemu gani wanayoipenda, barobaro mmoja alijibu bila kuondoa macho kwenye kioo: "Mzee, hii ya zamani ndiyo tamu. Ile mpya ni sura tu." Mwenziwe akamrukia papo hapo: "Usimsikize huyu, mzee. Anasema hivyo kwa sababu hana pesa ya bando." Kicheko kikazuka. Hata hivyo, ndani ya kicheko hicho mlikuwa na hoja mbili nzito ambazo zinastahili kupimwa kwa makini.

Ni vyema tukumbushane tulikotoka. Kampuni ya Konami ya Japani ilitoa mchezo uitwao Pro Evolution Soccer mnamo mwaka wa 2001, nao ukachezwa kwenye mtambo wa PlayStation 2 uliokuwa umeingia sokoni mwaka uliotangulia. Mtambo huo uliuzwa zaidi ya milioni 155 duniani kote, na hakuna mtambo mwingine wa gemu za nyumbani uliowahi kuupiku. Ulipokwisha kupendwa Ulaya na Marekani ulianza safari ya pili: mitumba. Ndivyo ulivyofika kwetu, ukapenya hadi Makina, Laini Saba na Gatwekera, mahali ambapo mtambo mpya usingefika kamwe kwa bei ya dukani.

Pro Evolution, au PES kama inavyojulikana na wengi, haikuwa na haki ya kutumia majina ya klabu zote. Chelsea iliitwa London FC na Liverpool ikaitwa Merseyside Red. Mtoto wa Kibera hakujali. Alijua fika nani ni nani, na kujua huko kukawa sehemu ya utamu, kama fumbo ambalo wenyeji wote wamelifumbua. Alichojali ni kwamba mpira ulikuwa na uzito, pasi ilihitaji kufikiriwa, na bao lilikuwa la kutafutwa. Toleo la sita, lililotoka mwaka wa 2006, hadi leo hutajwa na wapenzi wa mchezo huu duniani kote kwa heshima ambayo wazee wetu huitumia wanapozungumzia Gor Mahia iliyotwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka wa 1987.

Upande wa pili alikuwako mpinzani wake, mchezo wa FIFA wa kampuni ya Electronic Arts ya Marekani, ambao ulianza mwaka wa 1993. Huu ndio uliokuwa na majina halisi, jezi halisi na nyimbo za kuvutia. Katika michezo hii kijana wa Nairobi aliwahi kuwaona ndugu zake: Dennis Oliech alipokuwa Auxerre ya Ufaransa, McDonald Mariga alipokuwa Parma na baadaye Inter Milan, na Victor Wanyama alipokuwa Celtic, Southampton na Tottenham. Klabu zetu wenyewe sijawahi kuziona humo. Lakini kumshika Wanyama kwa padi yako mwenyewe, ukampigisha mpira dhidi ya Barcelona, ilikuwa fahari isiyoelezeka.

Sasa tuje kwa warithi. Mwezi wa Julai mwaka wa 2021 Konami ilitangaza kwamba jina la PES linazikwa na mahali pake pachukuliwe na eFootball, mchezo ambao ungetolewa bila malipo. Habari hiyo ilipokelewa kwa shangwe na wengi. Nani asiyependa cha bure? Mnamo Septemba 30 mwaka huo mchezo wenyewe ukatoka, na shangwe ikageuka kilio. Nyuso za wachezaji mashuhuri zilikuwa zimepotoka kiasi cha kuchekesha. Wachezaji walikuwa wakipitana kama mizimu. Timu za kuchagua katika mchezo wa kawaida zilikuwa tisa tu. Master League, sehemu ile ambayo kijana huijenga timu yake msimu baada ya msimu, haikuwamo. Siku iliyofuata kampuni ikalazimika kuomba radhi hadharani, na toleo lililoweza kuitwa kamili halikupatikana hadi Aprili 2022.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwa miaka ishirini Konami ilisifiwa na wapenzi wake, na ilipofika wakati wa kumkabidhi mwana kiti cha baba, ilimleta akiwa bado hajavishwa nguo. Watu wengi waliandika juu ya nyuso zile zilizopotoka, na picha zake zikazunguka duniani. Nathubutu kusema kwamba walilia juu ya dogo na kulisahau kubwa. Nyuso zilirekebishwa. Mienendo ya wachezaji ilirekebishwa pia, na leo kuna wengi wanaoucheza mchezo huo kwa furaha. Kilichobadilika bila kurekebishwa ni namna mchezo ulivyomwona mchezaji wake.

PES ya zamani ilimwona mchezaji akiwa ameketi bega kwa bega na mpinzani wake. Ukishanunua diski, imekuwa yako. Ukiweka umeme, inacheza. Haikuuliza jina lako, haikuuliza namba yako, wala haikutaka kujua kama una intaneti. eFootball ilijengwa juu ya msingi mwingine kabisa. Inamtaka mchezaji awe na akaunti yake, awe na mtandao wake, akutane na wapinzani wasiomwona, na akitaka kumpata nyota fulani upesi, atoe fedha. Mchezo wenyewe ni wa bure, lakini kila kinachouzunguka kina bei. Kwa kijana wa Lavington mwenye waya wa intaneti nyumbani, huenda hilo si tatizo. Vuka barabara uingie Kawangware, na hesabu inakuwa nyingine.

Kwa kipimo hicho jibu langu ni wazi. eFootball haikufikia PES, na sababu kubwa ni kwamba imelisahau benchi. Ilichukua mchezo uliokuwa umewaweka vijana saba mahali pamoja kwa kutumia mtambo mmoja, ikautawanya katika simu saba. Waliokuwa wakitaniana ana kwa ana, wakifundishana ujanja wa kupiga chenga na adabu ya kukubali kushindwa, sasa kila mmoja ameinamisha kichwa peke yake.

Na FIFA je? Hapa mambo ni tofauti kidogo, maana mchezo huu umeendelea kuwaruhusu wawili kucheza mbele ya televisheni moja. Tatizo lake ni mwendo wa kila mwaka. Mwaka ukigeuka, toleo geni liko mlangoni, likidai bei kamili. Mnamo Mei 2022 Electronic Arts na shirikisho la FIFA zilitangaza kuachana, na toleo la FIFA 23 likawa la mwisho kubeba jina hilo. Mrithi wake, EA Sports FC 24, alitoka Septemba 2023. Jina lilikuwa jipya, ila aliyeketi na kucheza aliutambua mara moja kuwa ni mchezo ule ule aliouacha jana, uliobadilishwa vazi na kuongezwa mapambo.

Hebu tufanye hesabu ya kibanda. Bei ya toleo hilo huko Marekani ilikuwa dola 70. Kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola, hizo ni takriban shilingi 9,000 kabla ya faida ya mwenye duka wa hapa. Mwenye kibanda anayetoza shilingi kumi kwa mchezo anahitaji michezo 900 ili airejeshe fedha ya diski peke yake. Tuseme michezo minne huchezwa kwa saa, na kibanda hufunguliwa saa kumi kwa siku bila mtambo kupumzika hata dakika moja. Hiyo ni michezo arobaini, yaani shilingi mia nne. Atafanya kazi takriban siku 23 kwa ajili ya diski, kabla ya kulipa umeme, kabla ya kulipa kodi ya kibanda, na kabla ya kununua sukari ya chai ya watoto wake. Na yote haya ni kwa yule ambaye tayari ana mtambo unaoweza kuisoma diski hiyo. Aliyebaki na PlayStation 3 hana lake, kwa kuwa mtambo huo uliagwa na PES mwaka wa 2017, na FIFA ikafuata mwaka wa 2018.

Isitoshe, kampuni yenyewe ilitusaidia kuupima upya wa matoleo yake. Kwa mtambo wa Nintendo Switch, kuanzia mwaka wa 2019 hadi 2022, Electronic Arts iliuza kile ilichokiita Legacy Edition. Huu ulikuwa mchezo wa nyuma uliowekewa jezi mpya na orodha mpya ya wachezaji, basi. Konami nayo, mwaka wa 2020, ilipotaka kuelekeza nguvu zake kwenye mradi uliofuata, ilitoa PES 2021 kuwa nyongeza ya msimu tu, ikaisema wazi hivyo, na ikaiuza kwa takriban nusu ya bei ya kawaida. Kati ya matendo hayo mawili, la Konami lilikuwa la uungwana zaidi. Liliwaambia wateja ukweli: nyumba ni ile ile, tumepaka rangi, lipeni bei ya rangi.

Jambo hili linanileta kwa mafundi wetu wa mjini. Kwa miaka mingi, katika vijiduka vya kati ya Luthuli Avenue na River Road, kumekuwa na diski za PlayStation 2 zilizofanyiwa ukarabati na watu wasiojulikana majina. Ndani yake ni mchezo wa zamani wa PES, lakini wachezaji ni wa msimu huu. Aliyehama klabu Agosti utamkuta amevaa jezi yake mpya. Konami iliacha kuutengenezea mtambo huo matoleo mapya baada ya mwaka wa 2013, lakini diski hizo hazikuacha kuzaliwa.

Sipendi kueleweka vibaya. Kunakili kazi ya mwingine na kuiuza ni kosa chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na mwandishi wa makala haya, ambaye mkate wake unatokana na maandishi, hawezi kusimama hapa akautetea wizi wa jasho la wenzake. Lakini hata kosa linaweza kubeba ujumbe, na ujumbe wa diski hizi ni huu: watu wa Kibera na Kawangware walikuwa wakitaka mwendelezo wa mchezo wao. Walitaka majina ya leo juu ya mchezo wanaoumudu, katika mtambo walio nao. Hakuna aliyewauzia kwa njia ya halali na kwa bei ya haki, basi soko likawatafutia njia ya panya. Wenye kampuni wanaolalamikia unakilishaji wangefaa pia kujiuliza kwa nini fundi asiye na ofisi aliuelewa mtaa kuliko wao.

Haki inadai tuusikilize upande wa pili, na yule kijana wa bando ana hoja. Hoja yake ya kwanza ni kwamba mtambo wa zamani unazeeka. PlayStation 2 iliacha kutengenezwa mwanzoni mwa mwaka wa 2013. Vipuri vinazidi kuadimika, na jicho la kusomea diski likichoka, kibanda kimefungwa. Anayeshikilia cha kale bila kujiandaa atajikuta siku moja hana cha kale wala kipya. Hoja ya pili ni kwamba eFootball imeingia katika simu ya mkononi, na simu inamfikia hata yule ambaye hana shilingi kumi za kila mchezo. Kijana anayekaa mbali na kibanda, au msichana ambaye wazazi wake hawawezi kumruhusu aketi katika kibanda chenye wavulana watupu, anaweza kuucheza mchezo huo akiwa nyumbani. Hilo ni jambo la maana na sitalidharau.

Tena, katika suala la wasichana, liko toleo jipya moja ambalo lilistahili kila sifa. Mwaka wa 2015, FIFA 16 ilileta kwa mara ya kwanza timu za wanawake, kumi na mbili za mataifa. Kabla ya hapo, msichana wa Kibera aliyecheza kandanda katika vumbi la uwanja wa Kamukunji asingeweza kumwona mwanamke hata mmoja katika gemu yoyote ya FIFA. Baada ya hapo akamwona. Zilikuwa timu chache, na timu ya Kenya haikuwa miongoni mwazo, lakini mlango ulifunguliwa, na kufikia FC 24 wanawake na wanaume wakawa wanaweza kuchezeshwa pamoja katika timu moja. Huo ndio mfano wa mwana aliyemzidi baba. Alichukua alichorithi chote, kisha akaongeza nafasi kwenye benchi kwa ajili ya mtu ambaye awali hakuwa na pa kukaa.

Kwa hiyo simpingi kila mgeni. Ninachokiomba ni kipimo. Toleo jipya linapoletwa, tusianze kwa kuuliza kama nyasi zinang'aa au kama jasho linaonekana kwenye shingo ya mchezaji. Vyote ving'aavyo usidhani ni dhahabu. Tuulize maswali matatu. Je, wawili waliokaa pamoja wanaweza kulicheza bila kumwomba mtu wa tatu ruhusa? Je, likishanunuliwa limenunuliwa, au litaendelea kudai? Na je, limemleta mtu mgeni mchezoni, au limemfukuza aliyekuwamo? Kwa maswali hayo, PES ya mwaka wa 2006 inafaulu mawili ya kwanza kwa alama za juu. FIFA 16 inaongeza alama katika la tatu. eFootball ya mwaka wa 2021 ilianguka la kwanza na la pili, ikajikomboa kiasi katika la tatu kwa sababu ya simu. FC 24 inapita la kwanza, inayumba katika la pili.

Swali hilo la pili nalisisitiza kwa sababu ya hatari iliyojificha. Ndani ya FIFA na mrithi wake mna sehemu iitwayo Ultimate Team, ambapo mchezaji anaweza kununua pakiti zilizofungwa bila kujua zina nani ndani. Huenda akampata nyota, huenda akapata mchezaji wa akiba asiyejulikana. Mwaka wa 2018 mamlaka ya Ubelgiji ya kusimamia kamari iliamua kwamba pakiti za aina hiyo zinavunja sheria ya kamari, na mwanzoni mwa mwaka wa 2019 Electronic Arts ikaacha kuuza huko sarafu za kuzinunulia. Sisi ambao tumeona jinsi bahati nasibu za kandanda zilivyokomba karo na kodi za nyumba katika mitaa hii hatuhitaji kuelezwa zaidi. Mchezo wa awali haukuwa na kitu cha namna hiyo. Aliyekuwa na ujuzi alishinda, aliyekuwa hana alijifunza. Mwana aliyejifunza kucheza kamari hawezi kusemwa kwamba amemfikia baba, hata akiwa na sura nzuri namna gani.

Yako mambo mengine yanayoonyesha kwamba kampuni zenyewe hazina imani kubwa na ulinganisho huu. Wakati FC 24 ilipokuwa ikitolewa mwaka wa 2023, matoleo ya FIFA ya miaka iliyotangulia yaliondolewa katika maduka ya mtandaoni. Suala la leseni ya jina bila shaka lilihusika. Hata hivyo, matokeo kwa mnunuzi ni kwamba asingeweza tena kuweka la jana na la leo kwenye mizani moja na kuchagua. Aliyekuwa na diski mkononi alibaki nayo. Hilo peke yake ni sababu ya kutosha ya mwenye kibanda kuzitunza diski zake kama hati ya shamba.

Kwenu wenye vibanda, ushauri wangu ni mfupi. Usiache mbachao kwa msala upitao. Msikope fedha ili kulipokea toleo jipya wiki linapotoka, kwa kuwa bei yake hushuka miezi inapopita, na wateja wenu hawataki upya kiasi hicho, wanataka zamu. Wekeni akiba kidogo kidogo kwa ajili ya mtambo, ambao utawahudumia miaka, kuliko kuitumia kwa diski ambayo itaitwa nzee baada ya miezi kumi na miwili. Na tafadhalini, mtoto aliyevaa sare ya shule saa nne za asubuhi asiuziwe mchezo, hata akija na noti ya mia.

Kwa wazazi na viongozi wa mitaa, ningeomba wasikimbilie kuvifunga vibanda hivi kila panapotokea wizi karibu. Kibanda chenye mwenyewe mwadilifu, saa zinazojulikana na benchi linaloonekana kutoka njiani ni salama kuliko kijana aliyejifungia na simu ambayo hakuna ajuaye inamuuzia nini. Kama kaunti inaweza kuwapa wauza mboga vibali, haishindwi kuwapa hawa masharti yanayoeleweka na ada wanayoimudu.

Na kwa vijana wetu wanaotengeneza gemu, nina neno moja. Mwaka wa 2007 Wesley Kirinya alituonyesha kwa The Adventures of Nyangi kwamba Mkenya anaweza kuunda gemu yake mwenyewe. Mwaka wa 2015 Black Division Games ikaleta Nairobi X, ambamo jiji letu lenyewe ndilo uwanja wa vita. Hao ni baba wawili wenye heshima. Atakayewarithi asiende kuiga matoleo ya kila mwaka ya ng'ambo. Aje kwanza Gatina au Laini Saba, aketi kwenye benchi, angoje zamu yake, afungwe, ainuke, ampishe mwenziwe. Akishaelewa kwa nini hakuna anayeondoka hata baada ya kufungwa, atakuwa ameelewa kilichoifanya gemu ya zamani ipendwe.

Nilipoondoka kile kibanda cha Gatina jua lilikuwa linazama. Yule wa zamani alikuwa ameshinda mara nne mfululizo, na yule wa bando alikuwa akitoa sarafu nyingine mfukoni, akiapa kwamba safari hii hafungwi. Walikuwa wakicheza gemu ya zamani.